Githeri Juu ya Spana

Nilimwaga sufuria nzima ya githeri juu ya spana za fundi. Sikummwagia yeye mwenyewe, ingawa yeye ndiye niliyekuwa namtaka. Nilimwagia gunia lake, lile alilokuwa akilitandika chini kila asubuhi na kupanga vifaa vyake kwa ukubwa, kama mama wa soko anavyopanga nyanya. Mahindi yakaingia kwenye matundu ya spana. Maharagwe yakajaa kwenye mdomo wa koleo. Mchuzi ukatiririka mpaka kwenye viatu vyake, na bado ulikuwa moto.

Kilichonifikisha hapo ni neno moja. Nilikuwa nimeingia pale gereji ya Kawangware nikisukumwa na vijana wawili wa mkokoteni, boneti inatoa mvuke, mgongo umelowa jasho, na saa ya chakula ya mjengo, wale wajenzi ninaowapikia, imeshanipita. Ilikuwa mara ya tatu gari kuchemka tangu fundi huyo alitengeneze. Wanaume wa mjengo walikuwa wameshakula kwa mama mwingine, na chakula changu chote kilikuwa nyuma ya gari kikiniangalia. Na yeye, bila hata kusimama, akafuta mikono kwenye ovaroli, akaniambia, "Tulia, mathe. Wacha kwanza injini ipoe."

Tulia. Neno hilo nimeambiwa na nesi, nimeambiwa na askari wa kanjo, wale wa jiji, nimeambiwa na baba ya mtoto wangu siku alipokuwa anafunga begi lake. Kila aliyeniambia nitulie alikuwa na jambo ambalo hakutaka kulisikia. Nikafungua mlango wa nyuma, nikashika sufuria kwa masikio yake bila kitambaa, nikaenda nikamwaga. Vidole viliungua. Sikusikia uchungu mpaka jioni.

Watu walicheka kwanza. Mmoja akamwambia fundi leo amepikiwa, akae ale. Mwingine akauliza kama hakuna chapo ya kusindikiza. Halafu wakaniangalia uso, wakaacha.

Gari lenyewe ni stesheni wagon nyeupe, umri wake unanipita. Lilikuwa la shangazi yangu. Alipochoka na Nairobi akarudi kwao Busia, aliniachia gari, sufuria na wateja, vyote pamoja, kama mtu anavyoachia mwingine kiti. Napika nyumbani Mashimoni, Kibera, kabla mtoto hajaamka, nampeleka nasari, halafu napeleka chakula Kawangware, mtaa unaoitwa Kongo, kwenye mjengo ambako shangazi alikuwa akiwauzia wajenzi. Bila gari mimi ni mwanamke mwenye sufuria kubwa na mabega mawili. Ndiyo maana lilipochemka niliona kama ni mimi nimechemshwa.

Na mara ya kwanza kabisa lilipochemka, ni fundi huyohuyo aliyenisaidia. Siku ya githeri sikulikumbuka hilo, au sikutaka kulikumbuka. Aliangalia fenibelti, akazungusha feni kwa kidole, akakagua mpira wa kifuniko cha rejeta, lile tangi la maji ya kupoza injini. Halafu akashika paipu ya juu akatoa mkono haraka, akashika ya chini akauacha mkono pale. Akanivuta nishike na mimi. Ya juu ilikuwa moto kama jiko. Ya chini ilikuwa baridi.

"Maji haizunguki," akasema. "Iko kitu imefunga njia."

Akafungua mahali paipu inapoingia kwenye injini, akatoa kidude cha shaba kinachotosha kwenye kiganja, chenye springi ndogo katikati. Themostati, kile kizibo kinachozuia maji mpaka injini ishike joto. Akaniomba sufuria yangu ndogo, tukaenda kwa mama wa chai pale langoni, tukachemsha maji, akakitumbukiza. Alisema kikiwa kizima kitafungua mdomo maji yakishika moto. Tulisimama pale watu watatu tukichungulia sufuria kama tunaochemsha yai. Hakikufungua. Maji yalichemka mpaka yakaruka, na chenyewe kimenuna tu.

"Imekufa," akasema, akaitia mfukoni. Akafunga injini bila kuweka nyingine. Nilipomuuliza, akaniambia gari nyingi za hapa hazina hiyo kitu, baridi gani ya Nairobi ya kuogopa.

Hilo ndilo nililolishika siku ya githeri. Lilikuwa kosa la kweli, na nililibeba kama jiwe la kurusha.

Lazima niseme sheria ya pale gereji. Hakuna fundi mwenye karakana. Kuna nafasi: kipande cha ardhi cha kutosha gari moja na gunia moja, chini ya kipande cha turubai. Nafasi unapewa na kamati. Mteja akileta lalamiko mbele ya watu, mwenyekiti wa kamati, ambaye wote wanamwita chair, anamhoji palepale kila mtu akisikia. Akiona fundi amepika gari, yaani amelitengeneza nusu ili lirudi tena, vifaa vyake vinafungiwa kwenye kontena na nafasi inapewa mwingine. Wanaongoja hawakosekani. Siku ile walikuwa wameegemea ukuta, mikono mifukoni, wakijifanya hawaangalii.

Chair akaja, mzee mwenye tumbo na sauti ndogo. Aliniuliza fundi alitoa nini kwenye injini. Nikasema themostati. Akauliza kama aliweka nyingine. Nikasema hakuweka. Watu wakanung'unika, na mimi nikausikia ule mnung'uniko kama makofi.

"Na alikuambia uweke maji gani?"

"Hakuniambia kitu."

Fundi alikuwa amechuchumaa, anatoa maharagwe kwenye spana zake, moja baada ya nyingine. Akainua kichwa. Hakubishana. Hakuapa. Alisema neno moja tu, polepole.

"Mathe."

Alikuwa ameniambia. Aliniambia siku ile ya themostati, akiwa amesimama mbele ya boneti anafuta mikono. Alisema niweke kulanti, ile dawa ya kupoza injini, na nikikosa niweke maji ya kunywa, yale ninayompa mtoto. Nilicheka. Nilimuuliza kama gari litanilipia karo kwa kunywa maji ya mtoto wangu. Akacheka pia, akasema, "Mimi nimekuambia." Nilikumbuka hayo yote pale nimesimama mbele ya chair, neno likiwa bado mdomoni. Kulikuwa na muda wa kulirudisha. Watu walikuwa wananisikiliza mimi, mwanamke wa githeri, kwa mara ya kwanza, na nikaogopa wakigundua wataacha.

Spana zikaenda kontena, na githeri ndani yake. Nafasi ikachukuliwa kabla mchuzi haujakauka chini. Fundi mpya ndiye aliyeshughulikia gari langu: akabadilisha kifuniko cha rejeta, akaongeza maji kutoka kwenye chupa zangu mwenyewe, akagonga boneti mara mbili kama wanavyofanya, akaniambia niende.

Sikufika nyumbani. Kwenye Ngong Road mshale wa joto ukaanza kupanda, ukapita katikati, ukaegemea kwenye nyekundu. Niliegesha kando, pale wanapotengeneza sofa. Seremala mmoja akanionea huruma, akaniambia nikae kwenye kochi lisilo na mto, mbao na springi tu. Nikakaa hapo kando ya barabara kama mgeni wa heshima, nikingoja injini ipoe, nikimtukana moyoni mwangu yule niliyemwacha akitoa maharagwe.

Lilipopoa nilikunja leso mara kadhaa, nikafungua kifuniko. Yakatoka mapovu. Hayakuruka, yalipanda taratibu kama uji unaofurika, yakajaa mdomo wa rejeta, yakashuka kando. Yalikuwa meupe yenye wekundu kidogo. Pale kwenye ukingo kulikuwa na kitu kimejisokota kama manyoya. Nikakichukua kwa kidole. Uzi. Uzi mwekundu wa sufu.

Sikuhitaji fundi. Nilinusa kidole changu, na ilikuwa harufu ya sweta ya mtoto wangu.

Kwetu Mashimoni hakuna anayemwaga maji mara moja. Maji ya kuoga mtoto yanaloweka nguo. Maji ya kusuuza mara ya kwanza yanaosha sakafu. Ya kusuuza mara ya pili yanawekwa kwenye ndoo kando ya mlango na kufunikwa, kwa sababu kwa macho ni safi, na hakuna anayejua kesho kioski cha maji kitafunguliwa au mfereji utakuwa umekatwa. Ukimwaga hayo, majirani wanakuangalia kama umetupa mkate. Hiyo ndoo ndiyo niliyokuwa nikijazia chupa za kuweka kwenye gari. Sikufikiria hata sekunde. Nani atachukua maji ya kunywa amwagie chuma? Mtoto wangu ananywa maji ya kuchemsha niliyobeba kwa mkono wangu, na sweta yake mpya ya nasari inatoa rangi na manyoya kila nikiifua. Nilikuwa naifua vizuri. Nilikuwa nasuuza vizuri. Halafu nilikuwa nalinywesha gari.

Unadhani hasira iliisha hapo. Iliongezeka. Nilimkasirikia fundi kwa kusema mara moja tu, badala ya kunikalisha chini anieleze. Nilimkasirikia chair kwa kuniamini. Nilimkasirikia seremala aliyekuja kuniuliza kama niko sawa. Nilikaa kwenye kochi lile la mbao mpaka mapovu yakatulia, na kila niliyemkasirikia aliondoka mmoja mmoja, nikabaki mwenyewe.

Nyumbani nilimwambia jirani yangu, mama tunayepakana naye ukuta wa mabati. Alikuwa anachambua mboga mlangoni. Akanisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho.

"Nani mwingine anajua?" akauliza.

"Mimi na wewe."

"Basi mimi nimesahau. Na wewe sahau. Fundi ni wengi."

Nikasahau, kwa njia ile mtu anasahau jino linalouma. Nilinunua maji ya kunywa nikaweka, nikamwaga ndoo ya mlangoni kwenye mtaro jirani akiniangalia. Lakini sabuni na manyoya yalikuwa yameshaingia ndani, na gari liliendelea kupanda joto. Nikajifunza kuendesha na hita imefunguliwa mpaka mwisho, kwa sababu inavuta joto la injini na kulileta ndani. Jua la mchana, madirisha wazi, hita inatupulizia usoni. Nikimchukua mtoto nasari, alikuwa anavua ile sweta kabla hatujaondoka na kuniuliza kwa nini gari letu lina homa. Nilimwambia litapona. Nilikuwa natoka jasho na nikiona hiyo inatosha kuwa adhabu yangu. Haikuwa inamsaidia mtu.

Gereji sikupita tena. Nilizunguka njia ya mbali.

Halafu siku moja kwenye mjengo, nikiwa napakua, mkono ukanyoosha sahani ya plastiki. Mkono ulikuwa mweupe kwa simenti, kope nyeupe, ovaroli ileile. Nikainua macho.

"Weka supu kidogo," akasema fundi.

Alikuwa anabeba mawe. Nilimwekea, na mkono wangu wenyewe ukamwongezea kijiko, ukaongeza na kingine. Aliangalia sahani, akachukua kijiko changu kutoka mkononi mwangu, akarudisha ya ziada kwenye sufuria.

"Pima kama ya wengine."

Nyuma yake mstari ukaanza kulalamika. Mmoja akapiga kelele, "Sogea, Githeri, wengine wana njaa," na mstari mzima ukacheka. Ndilo jina walilompa. Hadithi ilikuwa imetoka gereji kwa miguu yake ikamtangulia kwenye mjengo. Hawakujua kwamba mwenye kumwaga ndiye anayewapakulia, au walijua na ndicho kilichokuwa kinawafurahisha zaidi. Yeye akasogea. Akala akiwa amegeukia ukuta.

Alipokuja kuosha sahani kwenye karai langu, nilijua nikikosa kusema sasa sitasema tena.

"Ilikuwa sabuni," nikasema.

"Sabuni gani?"

"Kwa rejeta. Nilikuwa naweka maji ya kusuuza nguo. Ya sweta ya mtoto."

Aliacha kuosha. "Nyekundu?"

"Nyekundu."

Alicheka, lakini hakikuwa kicheko cha kushiriki. Akasema mara ya pili nilipoleta gari aliona kitu chekundu kwenye kifuniko, akadhani ni kutu. Hakikumtoka akilini. "Hiyo siku nilikuambia utulie," akasema, "nilikuwa nataka ipoe, tufungue, tuangalie pamoja."

Maneno hayo ninayo mpaka leo. Nikiyasikia, mikono inaniuma pale ilipoungua.

Nikamwomba msamaha. Nilisema vibaya, haraka haraka, nikikusanya sahani. Halafu, kwa sababu mimi ni mimi, nikamwomba anitengenezee gari.

"Na nini? Na meno?" akasema. Spana zilikuwa bado kwenye kontena. Akajifuta mikono. "Na hiyo pole, mathe, si mimi wa kuambiwa. Mimi nilikuwa najua ukweli. Kaambie wenye walikusikia."

Nikaenda kumwona chair siku hiyohiyo, hita wazi. Alikuwa amekaa kwenye kivuli cha kontena, ametandaza miguu. Nilimweleza yote, sabuni, sweta, na lile swali lake ambalo nililijibu uongo. Nikasema nimekuja kurudisha lalamiko langu.

"Hapa lalamiko hairudishwi," akasema kwa ile sauti ndogo. "Ukiruhusu hiyo, watu watapiga kelele asubuhi na jioni waseme walikuwa wanacheza. Lalamiko inaletwa. Kama uko na ingine, leta. Kwa maandishi. Na useme unamlalamikia nani."

Nilimuuliza kama mara ya kwanza aliniitisha maandishi. Aliinuka, akafungua kontena, akanionyesha gunia kwa kidole cha mguu. Spana ni za mwenyewe, akasema, achukue. Nafasi ni ya kamati.

Gunia lilikuwa limekakamaa kwa mchuzi uliokauka. Nililibeba mwenyewe hadi kwenye gari. Sikuweza kumpelekea likiwa hivyo. Nilisimamisha gari kabla ya kufika mjengo, nikatoa pini kwenye nywele zangu, nikaanza kuchokoa. Maharagwe yalikuwa yameshikamana ndani ya matundu, magumu kama kokoto. Niliyatoa yote, nikafuta kila spana kwa leso, nikazipanga kwa ukubwa. Sijui kama alitambua. Alizipokea, akaziangalia moja moja, akachukua aliyoitaka.

Alitengeneza gari saa ya chakula, kando ya mjengo, mimi nikibeba maji. Alifungua paipu ya chini, yakatoka maji ya mapovu, halafu ikatoka bonge moja jekundu, laini, ukubwa wa yai la kuku. Akaliweka juu ya jiwe tuliangalie. Akanieleza bila kuniangalia kwamba povu ni hewa, na pampu ikisukuma hewa badala ya maji, injini inajipika yenyewe; na vijia vya rejeta ni vyembamba kama nyasi, manyoya yakiingia hayatoki. Tulisafisha kwa maji ya kunywa, mtungi baada ya mtungi, yale yale ninayompa mtoto, mpaka yakatoka yakiwa yanaonekana mpaka chini. Akachomoa kijiti cha oili, akakikagua, akanionyesha. Kama gasketi inayotenganisha maji na oili ingekuwa imeungua, alisema, oili ingekuwa na rangi ya chai ya maziwa. Ilikuwa nyeusi tu. Nilishukuru kimoyomoyo, na nikaona aibu kushukuru.

Nilikuwa nimeleta themostati mpya. Tukaichemsha kwenye sufuria ileile ndogo. Ilikaa, ikakaa, halafu ikafungua mdomo polepole.

"Hii tunaweka," akasema. "Ile ingine pia nilifaa kukurudishia. Hapo ulisema ukweli."

Nilitaka anitukane. Angenitukana ingekuwa rahisi.

Akawasha injini kifuniko kikiwa wazi, akangoja hewa itoke, akaongeza maji kidogo kidogo mpaka yakatulia. Paipu ya juu ikashika moto. Tukangoja. Akaniambia nishike ya chini. Ilikuwa moto. Mshale ukapanda mpaka katikati ukasimama pale, kama mtu aliyepata kiti. Kengele ya kazi ikagongwa kwenye kipande cha chuma. Fundi akakunja gunia lake, akaliweka kwenye kivuli, akaenda akainamia jiwe akalitia begani. Gari langu limepona, na yeye anabeba mawe. Mtu mmoja akamwita Githeri, na akaitika.

Usingizi ulikataa. Asubuhi nikaandika barua ya lalamiko. Sikuipeleka kimyakimya. Niliipeleka saa ya mchana, mafundi wakiwepo, walioegemea ukuta wakiwepo, na yule aliyepewa nafasi akiwepo chini ya turubai, ambaye naye hakuniibia kitu. Nilimwomba chair aisome. Akasema macho yake si mazuri. Basi nikaisoma mwenyewe, kwa sauti ileile niliyosemea uongo, halafu nikamkabidhi. Aliikunja akaitia mfuko wa shati. Hajanijibu. Naiweka hapa kama nilivyoiandika.

*

Kwa Kamati ya Gereji,
Kawangware.

KUH: LALAMIKO DHIDI YA MTEJA NA DHIDI YA KAMATI

Mimi ni mwenye stesheni wagon nyeupe, mkazi wa Mashimoni, Kibera. Naleta lalamiko kwa maandishi kama nilivyoagizwa.

Wa kwanza ninayemlalamikia ni mteja, ambaye ni mimi. Mteja huyo aliambiwa na fundi aweke maji ya kunywa kwenye rejeta. Hakusikia. Aliweka maji ya kusuuza sweta. Gari lilipochemka, alimwaga chakula juu ya vifaa vya kazi vya mtu, na alipoulizwa na mwenyekiti kama aliambiwa, akasema hakuambiwa. Huo ulikuwa uongo. Kila mtu aliyekuwepo aliusikia, kwa hiyo kila mtu asikie na ukweli huu.

Wa pili ni kamati. Mlimwondoa fundi kwenye nafasi yake kabla hamjafungua rejeta. Gari lilikuwa mbele yenu. Mngengoja lipoe, kama alivyosema yeye, mngeona uzi mwekundu kwa macho yenu. Hakuna hata mmoja wenu aliyefungua. Mlinisikiliza mimi kwa sababu nilikuwa napiga kelele, na ninyi ni mafundi.

Kuhusu themostati, alikosea kutoniwekea nyingine. Amekubali na ameiweka. Kama kosa hilo linamfukuzisha mtu, basi hesabuni ni gari ngapi humo ndani hazina, mfukuzane wote.

Naomba fundi arudishiwe nafasi yake, chini ya turubai yake. Naomba atangaziwe mchana, watu wakiwepo, si pembeni. Naomba aitwe fundi.

Kama sheria inataka mtu wa kuadhibiwa, mimi nipo. Nifungieni lango, nisilete gari hapa tena. Lakini msingoje nipoe kabla ya kunijibu.

Wenu,
Mlalamikaji na mlalamikiwa.